Vijiji vya pwani ya Mani, Ugiriki: maswali ninayoulizwa kila kiangazi

Ukifika mwezi wa 4 tu, simu yangu huanza kujaa ujumbe. Ndugu walioko Ujerumani na Uingereza, marafiki wa Muscat, na wengine wanaojipanga kutoka Dar na Nairobi, wote swali lao ni moja: "Tumepata chumba Stoupa, sasa tutembelee vijiji gani?" Nawaelewa. Ukitazama picha, vijiji vya pwani ile vinafanana kama mapacha: maji ya buluu, nyumba za mawe, mashua moja gatini.

Nimekwenda huko viangazi vinne na ninaipenda pwani ile kwa moyo wote, kwa hiyo ninajibu kwa kirefu. Nilichojifunza ni kwamba kila kijiji kina saa yake. Kinachopendeza asubuhi kinaweza kuwa tanuri mchana, na kinachoonekana kimekufa mchana kinafufuka jioni. Majibu mengi hapa chini yanaanzia hapo.

Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Afrika Mashariki, hivyo anayetoka Dar au Mombasa hana haja ya kugusa mshale. Lakini jua la huko lina ratiba nyingine: mwezi wa 7 linazama karibu saa 3 usiku. Anayeswali apange Magharibi yake kwa hesabu hiyo.

Mani ni wapi hasa?

Kusini mwa bara la Ugiriki kuna rasi kubwa ya Peloponnese, na chini yake zinaning'inia rasi tatu kama vidole. Mani ni kidole cha kati. Mlima Taygetos, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,400, unashuka kwa uti wa mgongo wake hadi baharini, na vijiji vimejibanza kati ya mlima na maji. Ninachozungumzia hapa ni upande wa magharibi, unaotazama ghuba ya Messinia.

Uwanja wa ndege wa karibu ni Kalamata, ambao kiangazi hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji kadhaa ya Ulaya. Kutoka hapo hadi Stoupa ni kama kilomita 50, lakini usitarajie kufika kwa nusu saa. Barabara inapanda mlima kwa kona, inashuka kwa kona, inapanda tena. Hesabu saa nzima na zaidi. Anayetua Athens atapanda basi hadi mjini Kalamata, mwendo wa saa 3 hivi, ndipo aanze safari hiyo ya kona.

Kwa nini watu wengi wanafikia Stoupa?

Kwa sababu ya mchanga. Pwani ya Mani karibu yote ni miamba na kokoto, ila Stoupa ina fukwe mbili za mchanga zilizo karibu: ule wa kijijini wenyewe, na Kalogria, mwendo wa dakika 10 kwa mguu. Maji yanaanza kwa kina kidogo na kuongezeka taratibu, mtoto wa miaka mitano anaweza kucheza huku mama amekaa akimwona. Duka lipo, duka la dawa lipo, vyumba vya kila bei vipo.

Ushauri wangu kwa wenye watoto ni huo: lala penye mchanga, tembelea penye mawe. Wawili wasio na watoto, wanaopenda kimya, wanaweza kugeuza na kulala Kardamyli au Agios Nikolaos, kisha wakaja Stoupa kuoga.

Vijiji gani viko karibu kiasi cha kwenda na kurudi?

Kusini mwa Stoupa, kilomita 3 tu, kuna Agios Nikolaos. Ukiendelea na njia hiyo ya pwani unapita Agios Dimitrios, halafu Trachila, ambako barabara inaishia. Kaskazini, kilomita 8 hivi kurudi upande wa Kalamata, kuna Kardamyli. Hivyo ndivyo vya jirani kweli.

Limeni na Areopoli viko mbali zaidi, kilomita 35 na ushee kusini kwa barabara kuu ya mlimani. Weka dakika 45 hadi saa 1. Gerolimenas na Vathia viko chini kabisa ya kidole. Kule usiende na kurudi kwa nusu siku, utaona usukani tu.

Nikiwa na siku moja tu ya kutoka, niende wapi?

Kardamyli, na uingie saa 10 jioni, sio kabla.

Ukifika mchana utaiona barabara moja yenye jua kali, maduka yamefungwa, paka wamelala chini ya magari. Wengi huishia hapo na kurudi wakisema hapana kitu. Saa 10 ndipo kivuli kinaanza kuingia, na baadaye milango kufunguliwa mmoja mmoja. Egesha gari, kisha upite kijito kikavu hadi Kardamyli ya zamani, dakika chache tu kutoka barabarani. Hapo kuna ngome ya ukoo wa Mourtzinos: mnara wa mawe, nyumba, zizi, kisima, na kanisa la Agios Spyridon lenye mnara wa kengele mwembamba uliochongwa maua na wanyama. Mapema mwaka 1821, kabla ya Wagiriki kuinuka dhidi ya dola ya Osmani, yaani ya Waturuki, kamanda Theodoros Kolokotronis alipokewa hapa na mwenye ngome, na kutoka Mani wapiganaji wakaenda kuikomboa Kalamata mwezi wa 3 mwaka huohuo. Ndani ya mnara kuna makumbusho madogo.

Nyuma ya ngome njia ya mawe inapanda mlimani. Dakika chache juu kuna makaburi mawili yaliyochongwa ndani ya mwamba, na wenyeji wanasema ni ya Castor na Pollux, wale mapacha wa hadithi za kale. Jina la Kardamyli lenyewe limo katika utenzi wa Homer wa vita vya Troya: ni mmoja wa miji 7 ambayo mfalme Agamemnon aliahidi kumpa shujaa Achilles ili aache hasira na arudi vitani. Sisi tuliolelewa na tenzi tunajua uzito wa jina la mji kukaa kinywani mwa watu miaka yote hiyo. Ukisimama pale juu, ukiangalia mizeituni inavyoshuka hadi baharini na kisiwa kidogo cha Meropi mbele ya kijiji, unaelewa kwa nini mji huo ulionekana zawadi.

Mwenye nguvu aendelee na njia hiyo mpaka kanisa la Agia Sofia, karibu saa 1 ya kupanda. Chukua maji. Mawe ya njia hiyo yamesuguliwa na kwato za punda kwa karne nyingi, yanateleza hata yakiwa makavu, kwa hiyo kandambili ziache garini.

Ukishuka, kaoge Ritsa, ufuko mrefu wa kokoto nyeupe kaskazini mwa kijiji. Kisha kaa mahali popote unapoiona bahari, maana jua linazama moja kwa moja mbele yako.

Wapenzi wa fasihi wajue pia kwamba mwandishi Mwingereza Patrick Leigh Fermor alijenga nyumba yake katika ghuba ya Kalamitsi, kusini kidogo tu mwa kijiji. Alifariki 2011 na nyumba aliiachia Makumbusho ya Benaki. Kuingia ni kwa miadi, kwa hiyo uliza mapema.

Na Agios Nikolaos?

Hicho ni kijiji cha asubuhi. Mlima uko mashariki, basi jua huchelewa kuuvuka, na pwani yote hubaki kivulini wakati mbingu tayari nyeupe. Toka Stoupa saa 12 na nusu, fuata njia ya miguu ya pwani, na baada ya dakika 40 au 45 unaingia gatini bila jasho.

Gati ni dogo, umbo la mkono uliokunjwa. Asubuhi moja niliketi pale na kahawa nikamtazama mzee akitoa samaki nyavuni. Wavu wa njano ulikuwa umerundikwa miguuni pake. Alikuwa anaushika uzi wa juu kwa kidole gumba cha mguu, anauvuta, anachomoa mkundaji mmoja mwekundu, anautupa kwenye beseni la plastiki, anavuta tena. Kule kwetu nimewaona wazee wakishika uzi kwa kidole kilekile cha mguu. Nilimsalimia "kalimera", akaitika, akanionyesha kwa kidevu nisogeze kiti, kwa sababu nilikuwa nimekalia mwisho wa wavu wake.

Ikifika saa 4 meza za gatini hujaa na magari hutafuta pa kuegesha. Wewe wakati huo unakuwa umeshakunywa kahawa yako na unaendelea kusini kidogo hadi ufuko wa Pantazi kuoga, au unarudi Stoupa.

Trachila kuna nini?

Kuna nyumba chache, mahali pa kula pasipozidi vidole vya mkono mmoja, maji ya kuoga kutoka miambani, na ukimya. Basi. Nenda kwa chakula cha mchana, kwa sababu ni kijiji ambacho mchana hakikuadhibu: unaoga, unakula chini ya kivuli, unaoga tena. Kutoka Agios Nikolaos ni kama kilomita 8, na njia inapita chini ya majabali makubwa, nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana mmoja husogea pembeni. Bebeni pesa taslimu na maji ya kunywa. Anayetaka maduka na watu wengi asiende, atachoka ndani ya nusu saa.

Limeni ya kwenye picha, ndivyo ilivyo kweli?

Rangi ya maji ni kweli, haijapakwa. Ghuba ni ya kina, chini kuna kokoto nyeupe, na mwanga ukiingia maji yanakuwa kama yale unayoyaona ukiwa kwenye ngalawa juu ya fungu la mchanga Mnemba. Kasa huja karibu na meza za kulia chakula, nimewaona kwa macho yangu. Tafadhali usiwarushie chakula wala usiogelee juu yao.

Ambacho picha haisemi ni kwamba Limeni haina ufuko. Unashuka majini kwa ngazi au kwa mwamba, na kina kinaanza hapohapo. Asiyejua kuogelea, na watoto wadogo, wapelekwe Neo Itylo, ng'ambo ya ghuba ileile, kwenye ufuko mpana wa kokoto.

Saa yake ni kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo mwezi wa 7 na wa 8 utazunguka ukitafuta pa kuegesha mpaka hamu iishe. Nyumba yenye mnara inayoonekana kwenye kila picha ni ya ukoo wa Mavromichalis. Petros Mavromichalis, aliyekuwa bey, yaani mtawala, wa Mani, ndiye aliyewaongoza Wamani kwenye vita vya 1821. Na Itylo, kijiji kilicho juu ya ghuba, ndiko walikotoka mamia ya watu waliopanda meli mwaka 1675 wakikimbia shida na kuhamia kisiwa cha Korsika, ambako kizazi chao kipo mpaka leo katika mji wa Cargèse. Mimi ninayeishi mbali na kwetu nilikaa juu pale muda mrefu nikiitazama njia ya kutokea ghubani.

Ukishaoga, panda Areopoli, dakika chache tu juu, ukapate kivuli cha vichochoro vyake. Uwanja wa mji una sanamu ya Petros huyohuyo, na kila tarehe 17 Machi wenyeji huadhimisha siku ya kuinuka kwao.

Bahari ya huko inajaa na kupwa?

Swali hili huulizwa na watu wa pwani tu, na ni swali zuri sana. Jibu ni kwamba haijai wala haipwi kwa kiasi cha kuonekana. Sisi tumezoea kuuliza leo bamvua au maji mafu, na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua inafika kama mita 4. Mediterania ni bahari iliyofungwa, maji yake yanapanda na kushuka sentimita chache tu. Ukiweka kitambaa chako hatua tatu kutoka majini asubuhi, jioni utakikuta hatua tatu.

Faida yake ni kwamba huna haja ya kupanga siku yako kwa maji. Panga kwa upepo. Asubuhi bahari hulala kama mafuta, mchana upepo wa kutoka baharini huamka, na alasiri mawimbi madogo hupiga pwani inayotazama magharibi. Anayetaka kuzamia na miwani aende asubuhi. Hasara ni moja: hakuna kutembea kwenye mchanga mtupu maji yakishatoka, ile raha ya kuokota chaza na kwenda mpaka mwambani kwa miguu. Hiyo nenda Paje, Unguja.

Nimesikia Kalogria maji ni baridi, kweli?

Sehemu tu. Mvua na theluji ya Taygetos huzama ndani ya mawe ya chokaa, husafiri chini ya ardhi, na kutokea chini ya bahari pale Kalogria. Unatembea kwenye maji ya vuguvugu, mara mguu wako unaingia kwenye maji ya friji. Tazama chini uone: penye chemchemi mchanga unachemka polepole, na maji matamu yanapokutana na ya chumvi yanatetemeka mbele ya macho kama hewa juu ya jiko la mkaa. Mwanangu alikuwa anatumbukiza uso, anaonja, anapiga kelele "matamu!", anarudia.

Ni hapa Kalogria pia ambapo mwaka 1917 mwandishi Nikos Kazantzakis alikaa akijaribu biashara ya kuchimba makaa huko Prastova, jirani tu, pamoja na msimamizi wake Giorgis Zorbas. Biashara ilikufa, ila Zorbas akaja kuwa mhusika mkuu wa riwaya yake maarufu, ingawa kisa chenyewe alikipeleka Krete.

Kokoto zinaumiza? Tununue viatu?

Nunueni. Viatu vya maji vya mpira vinauzwa karibu kila duka la Stoupa na vitawaokoa mara mbili: kwenye kokoto zilizochomwa na jua, na kwenye miamba yenye wale viumbe weusi wa miiba ambao kila mtoto wa pwani anawajua kwa maumivu. Foneas, kati ya Stoupa na Kardamyli, ni ufuko mzuri wa kokoto wenye jabali kubwa katikati ya ghuba ambalo vijana hupenda kurukia majini. Kokoto zake ni kubwa, bila viatu utatembea kama uko kwenye makaa.

Fukwe za Ugiriki ni mali ya umma. Kiti na mwavuli vinakodishwa, lakini kutandika kanga yako mchangani ni bure na ni haki yako.

Gari au basi?

Basi lipo. Magari ya KTEL, mabasi ya mikoani ya Ugiriki, yanatoka Kalamata, yanapita Kardamyli na Stoupa hadi Itylo, lakini ni machache kwa siku na mwisho wa wiki hupungua zaidi. Ratiba imeandikwa kwa saa za mtindo wa 24, kwa hiyo 15:00 ni saa 9 alasiri. Wageni wetu wengi wameachwa kwa kosa hilo. Kwa anayefikia Stoupa na kutaka Kardamyli na Agios Nikolaos tu, basi na miguu vinatosha kabisa.

Kwa Trachila, Limeni na kwingineko, kodi gari siku mbili badala ya wiki nzima. Mwenye leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda abebe pia leseni ya kimataifa, na akumbuke kule wanaendesha upande wa kulia. Chukua gari dogo kabisa linalowatosha. Watoto wanaotapika kwa kona wakae mbele ya wenzao na wale kidogo kabla ya safari.

Chakula vipi, na sisi Waislamu tutakula nini?

Samaki, na mtakula vizuri. Nyama halali msiitegemee vijijini. Chakula cha fahari cha Mani ni siglino, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na wanaitia mpaka kwenye mayai na saladi, kwa hiyo uliza kabla. Neno la nguruwe ni "hirino"; sema "ohi hirino", yaani bila nguruwe, watakuelewa. Kuna maharage makubwa ya kuoka, biringani, mboga za majani za mlimani zilizochemshwa na kumwagiwa limau, jibini, na mafuta ya zeituni ya palepale ambayo ukiyachovya mkate utasahau kozi inayofuata. Lalangia ni kama maandazi marefu membamba ya kukaanga. Watoto wangu waliyala kila asubuhi.

Samaki wazima huuzwa kwa kilo, na bei ya kwenye orodha ni ya kilo. Usiagize kwa kukisia. Omba uonyeshwe. Mwenye mkahawa atakupeleka jikoni, atavuta droo ya barafu, na hapo ujuzi wako wa Feri, soko la samaki la Dar, unafanya kazi: jicho liwe angavu na limejaa, shavu jekundu, ubavu ukibonyezwa urudi. Mwambie unamtaka huyu, ampime, ataje bei kabla hajapikwa. Hakuna atakayeona vibaya, wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Vilivyotoka kwenye friza, hasa ngisi na kamba, huwekwa alama kwenye orodha. Pweza huanikwa juani kwenye kamba kabla ya kuchomwa, na huyo mkimwona ananing'inia mbele ya mlango, ingieni.

Mwezi gani unafaa?

Kwangu mimi mwezi wa 6 na wa 9. Mwezi wa 5 vijiji ni vizuri kupita maelezo, maua ya porini yamejaa, ila maji bado yatamshtua mtu wa Bahari ya Hindi. Mwezi wa 8 ni joto kali, bei juu, na karibu na tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Ugiriki nzima iko pwani. Anayetaka kwenda wakati huo aweke chumba miezi mingi kabla. Ni majira ya moto wa misitu pia. Simu ikilia kwa onyo la 112, namba ya dharura, fuata maelekezo mara moja. Kuanzia mwezi wa 11 sehemu nyingi hufungwa.

Visa?

Ugiriki iko Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen anaingia bila visa nyingine. Anayeishi Uingereza kwa pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji visa, vivyo hivyo wa Oman na wa nyumbani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msikae mpaka siku 15. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Tukiwa Waafrika, na baadhi yetu tumevaa hijabu, tutapokelewaje?

Watatazama. Ni vijiji vidogo, kila mgeni hutazamwa, na sisi zaidi. Kwangu kutazamwa kumeishia kwenye swali "apo pou iste?", mnatoka wapi, na mara nyingi sahani ya tikiti maji baada ya kula ambayo haikuwa kwenye bili. Anza wewe kusalimia, hasa wazee. Anayepita bila salamu kule anaonekana kama anavyoonekana kwetu. Shangazi yangu alioga Stoupa na mavazi yake marefu wiki nzima, akafunga urafiki na bibi mmoja wa pale kwa lugha ya vidole.

Jambo moja la heshima: saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu watu wamelala. Hakuna muziki, hakuna kuitana kwa sauti uani.

Kwa wiki moja vijiji vingapi vinatosha?

Vitatu. Mara ya kwanza nilipanga vitano kwa siku moja: Kardamyli, Agios Nikolaos, Trachila, Limeni, Areopoli. Kardamyli tulifika saa 6 mchana, milango imefungwa. Limeni hatukupata pa kuegesha, tukapita. Mtoto alitapika mara mbili mlimani. Jioni niliangalia picha zangu: tatu zilikuwa za maegesho. Mwaka uliofuata tulikwenda Kardamyli jioni, Agios Nikolaos asubuhi, Trachila mchana, kila kimoja siku yake, na siku zilizobaki tukakaa mchangani. Watoto mpaka leo wanavitaja vyote vitatu kwa majina.

Na mapango ya Diros, na Tainaro?

Hayo ni ya anayelala usiku mmoja Areopoli au Gerolimenas. Diros unapandishwa mashua ndogo ndani ya pango na kusukumwa kwa mkono kwenye mto wa chini kwa chini kwa zaidi ya kilomita 1, mawe yakining'inia juu ya kichwa. Ndani kuna ubaridi, beba kitu cha kujifunika. Tainaro ni ncha ya mwisho ya bara, ambako watu wa kale waliamini ndipo ulipo mlango wa kuzimu. Kutoka mwisho wa barabara hadi mnara wa taa ni kama kilomita 2 kwa miguu, hakuna mti hata mmoja. Nenda saa 11 jioni.

Basi la mwisho likitupita Kardamyli, tutalala njiani?

Hapana. Ingieni mkahawa wowote ulio wazi, semeni "taxi, Stoupa", watawapigia simu wao wenyewe. Teksi ni chache, mnaweza kusubiri nusu saa au zaidi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na wakati mnasubiri agizeni hata maji.